Miwani ya lenzi za rangi kwa mtoto anayepata shida kusoma

Mama Nasra: Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaishi Uingereza, na binti yangu wa miaka minane hupoteza mstari anaposoma na hulalamika kwamba herufi zinacheza machoni mwake. Shuleni amepewa karatasi ya plastiki ya rangi ya kuweka juu ya ukurasa, na sasa tumeshauriwa kumnunulia miwani ya lenzi za rangi, ambayo kwetu bei yake ni nzito. Je, kuna uthibitisho kwamba inasaidia?

Mpimamacho: Wa alaykum salaam, Mama Nasra. Wazo hili lilienezwa tangu 1983 na Helen Irlen, mwanasaikolojia wa California, na huko Uingereza Arnold Wilkins alibuni kifaa cha kumtafutia kila msomaji rangi inayompa nafuu. Hata hivyo, katika utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2011, watoto 61 wenye shida ya kusoma walipimwa, na karatasi ya rangi waliyochaguliwa haikuwaongezea kasi ya kusoma kuliko karatasi ya rangi nyingine au ile isiyo na rangi kabisa. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani nao walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba lenzi za rangi hazina ushahidi wa kutosha kuwa tiba ya disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma na kuandika maneno. Mimi nisingetoa fedha hizo. Anza na kipimo kamili cha macho, ambacho huko ni bure kwa watoto, kwa sababu herufi zinazocheza huweza kutokana na macho kushindwa kuelekea pamoja kwenye kitu kilicho karibu, na hilo lina matibabu yake.

Mwalimu wa elimu maalumu: Naongezea kwamba disleksia, kwa wengi, ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi, na rangi haiwezi kumfundisha mtoto kazi hiyo. Naomba umsomeshe Kiswahili pia, Mama Nasra, maana maandishi yetu hufuata sauti kwa karibu sana, ilhali Kiingereza humtaka mtoto akariri tahajia zisizotabirika. Akisoma Kiswahili bila makosa mengi lakini polepole mno, bado huenda ana disleksia, kwani katika lugha za namna hii hujitokeza zaidi kwenye kasi. Waombe walimu wamfundishe sauti na herufi kwa mpangilio, kila siku, kwa vipindi vifupi.

Baba Idrisa: Mwanangu aliipenda sana karatasi ya manjano, na sikumnyang'anya.

Mpimamacho: Wala hakuna haja ya kumnyang'anya, Baba Idrisa, karatasi ni rahisi na haina madhara, mradi isichukue nafasi ya mafundisho. Mama Nasra, ukitaka kujionea, mpe vifungu vya ugumu uleule, vingine kwa karatasi ya rangi na vingine kwa plastiki isiyo na rangi, usimwambie ipi ndiyo ya msaada, kisha upime muda na makosa.