2147483647: waliichagua kwa sababu ni namba tasa?

kijana_wa_java: Wakuu habari zenu. Najifunza Java (lugha ya kuandikia programu), juzi nimetengeneza kaunta ya int, yaani aina ya namba kamili, ikafika 2147483647, nikaongeza moja tu ikaruka hadi -2147483648! Kupekua pekua nakuta hiyo namba eti ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Sasa waliichagua makusudi au? Na nani alikaa akaigawa gawa mpaka akajua?

Ticha wa Hesabu: Hawakuichagua mdogo wangu. Int ina biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), moja inaenda kwenye alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, zikiwa zote 1 unapata 2 kipeo cha 31 toa 1, basi. Angalia wenzake: biti 8 mwisho ni 127, tasa. Biti 16 mwisho ni 32767, hiyo siyo, ni 7 x 31 x 151. Biti 64 mwisho ni 9223372036854775807, nayo 7 inaingia. Siri iko kwenye kipeo, 15 na 63 zinagawanyika kwa 3 kwahiyo lazima namba zao zigawanyike kwa 7 (yaani 2 kipeo cha 3 toa 1), ila 7 na 31 zenyewe ni tasa. Japo kipeo tasa peke yake hakitoshi, kipeo cha 11 kinakupa 2047 ambayo ni 23 x 89.

bibi_logarithi: Aliyeithibitisha ni mwanahisabati Euler, akiwa Urusi, 1772 alimwandikia mwanahisabati mwenzake Daniel Bernoulli, na wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, hili huwa linanigusa sana. Ukitaka kujaribu zote unaishia 46340 maana ukizidisha 46341 kwa yenyewe umeshapita, lakini hapo kuna namba tasa karibu 4,800! Yeye akaonyesha kwamba kigawanyo tasa chochote ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, zikabaki namba zisizofika 400, na nyingi kati ya hizo hata tasa siyo.

Mzee wa Seva: Mimi nayajua madhara yake kazini. Mashine zinahesabu sekunde toka 1 Januari 1970, zile zinazotumia biti 32 bado zitafika hiyo namba tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 12 asubuhi dakika 14 na sekunde 7, sekunde inayofuata zinajiona ziko Desemba 1901. Mifumo mingi imeshahamia biti 64 ila vifaa vya zamani tuvikague mapema jamani.

kijana_wa_java: Duh asanteni sana, nimegawa 32767 kwa 7 kwa mkono nikapata 4681 kamili, nimefurahi mno. Na biti 128 je?

Ticha wa Hesabu: Mwisho wake ni 2 kipeo cha 127 toa 1, tarakimu 39. Tasa! Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha 1876.