Mihogo ileile, shamba lilelile, mwaka huu imetudhuru: naomba ushauri

Mama Somoe (Newala)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisomee kwa utulivu, maana nimefika mahali naogopa kuwalisha wanangu.

Nalima mihogo ekari moja na nusu, mikorosho kidogo na mbaazi. Mbegu yangu ni ya muhogo mchungu, aliniachia mama mkwe. Tunaipenda kwa sababu nguruwe pori wanapita tu, wakati majirani waliopanda mitamu wanalala shambani na mabati ya kupiga kelele. Miaka yote tunamenya, tunaanika makopa kwenye uchanja wiki mbili na zaidi, ndipo tunatwanga. Hatujawahi kupata shida.

Mwaka huu mvua ilikatika mapema, mahindi yakaungulia shambani, ghala likaisha. Nikachimba mihogo kabla ya wakati wake. Kwa haraka nikaikata vipande vyembamba ili vikauke upesi, siku ya pili nikatwanga, tukala ugali na mlenda. Usiku watoto wakaanza kutapika na kulia kichwa. Huyu wa miaka tisa akaishiwa nguvu, anahema mbio mbio. Tulimkimbiza zahanati, wakamwekea dripu, asubuhi akafungua macho akaomba maji. Sitausahau usiku ule.

Wiki iliyofuata yakanyesha manyunyu, mashina niliyokuwa nimeyakata yakachipua. Mbuzi wangu jike akakata kamba, akaingia shambani akala machipukizi. Haikupita saa moja, yuko chini, povu mdomoni, amekufa.

Jirani ananiambia shamba limewekewa kitu. Mimi sitaki kugombana na mtu kwa jambo nisilolijua. Naomba kujua: kwa nini mihogo ileile imebadilika? Nina debe moja la unga ule limebaki, nitupe? Na je, niing'oe mbegu hii nipande mitamu?

Kijana wa Tandahimba

Pole sana mama. Unga huo tupa leo hii, usimpe hata kuku. Mengine wataalamu watakuja kusema.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama Somoe, pole, na hongera kwa kutomnyooshea kidole jirani. Hakuna aliyeweka kitu. Kitu hicho mmea umejitengenezea wenyewe.

Muhogo hauna miguu ya kukimbia wala pembe za kupigana. Mizizi yake imejaa wanga, na kila mwenye meno anautaka: fuko, panya, nyani, nguruwe. Kwa hiyo unajilinda kwa sumu. Lakini angalia ulivyo na akili: hauiweki sumu ikiwa tayari, maana ingeuua wenyewe. Ndani ya chembe zake umehifadhi kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kikikaa peke yake ni kitulivu. Pembeni, kwenye kuta za chembe, umeweka kimeng'enya cha kuivunja. Muhogo ukiwa mzima hivi viwili havikutani. Mnyama akitafuna, au wewe ukiparuza, kuta zinapasuka, vinachanganyika, na inatoka sianidi. Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ni hewa, ndiyo maana inaweza kuondoka ikipewa nafasi.

Sasa kwa nini mwaka huu? Ukame. Jua likizidi muhogo unafunga vitundu vya majani usipoteze maji, unapukutisha majani ya chini, unasimama kukua na kungoja. Katika hali hiyo sumu kwenye mizizi huongezeka sana, hata mihogo tunayoiita mitamu huwa michungu mwaka wa kiangazi. Na mvua ikirudi, machipukizi mapya ndiyo hubeba sumu nyingi kuliko majani yaliyokomaa, kwa sababu mmea unalilinda zaidi jani changa ambalo bila hilo hauamki. Mbuzi wako alikula mahali pabaya kwa wakati mbaya.

Tena kuna jambo ambalo wengi tunalielewa kinyume. Ulikata vyembamba vikauke haraka ukidhani ndiyo salama. Kikikauka haraka, kimeng'enya kinaishiwa maji kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki imekaa ndani ya kopa kavu. Makopa ya wiki mbili yanakauka polepole, yanavunda kidogo ndani, sumu inapata muda wa kutoka. Wazazi wetu hawakuwa wanachelewa kwa uvivu.

Mpare wa Masasi

Mimi najua ukipika vizuri sumu inakufa. Labda ugali haukuiva.

Bwana Shamba Mstaafu

Hapana ndugu, na kosa hilo linaumiza watu. Moto unaua kimeng'enya, hauiui linamarini. Ukitumbukiza kipande kikubwa kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa mara moja na linamarini inabaki nzima. Mtu akiila, bakteria wa tumboni mwake wanaivunja, na sumu inatokea mle mle ndani. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla ya chungu kupanda motoni.

Ndiyo maana kisamvu tunakitwanga kwanza kwenye kinu mpaka kilainike, ndipo kinachemshwa bila kufunikwa. Mama zetu walifanya hivyo bila kusikia neno linamarini.

Nesi wa Kusini

Nafanya kazi katika kituo cha afya mkoani, nimeona watoto wa namna hii. Mama Somoe, ulifanya vizuri kukimbia zahanati usiku uleule. Kutapika, kichwa, kizunguzungu na kuhema haraka saa chache baada ya kula muhogo ni dalili za sianidi, usisubiri asubuhi.

Naomba niongelee upande wa mwili, kwa sababu na sisi tuna ulinzi wetu. Sianidi inazuia chembe za mwili zisitumie oksijeni, ndiyo maana mtoto anahema sana na bado anazidi kulegea. Mwili unaishika sumu hiyo, unaiunganisha na salfa, inakuwa kitu chenye madhara madogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini tunazokula. Mtu aliyekula samaki, mayai, maharage au kunde ana akiba ya kupigania. Mtu aliyekaa wiki kadhaa kwa ugali wa muhogo na mlenda peke yake hana. Ukame unaongeza sumu kwenye shamba na wakati huohuo unaondoa kitoweo kwenye sufuria, kwa hiyo mtoto anapigwa pande mbili.

Ikiendelea wiki nyingi kuna ugonjwa unaitwa konzo. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, mtoto anatembea kwa vidole au hatembei kabisa, na haiponi. Unawapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Jina limetoka Kongo, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, katika jimbo la Nampula, ukame uliwaacha watu zaidi ya 1,000 na ugonjwa huu, wao wanauita mantakassa. Tarime ulitokea mwaka 1985. Na huku kwetu Mtwara umewahi kuonekana. Sisemi kukutisha. Nasema kwa sababu watoto wako wamepewa onyo wakiwa bado wanatembea.

Tumia pia chumvi yenye madini joto. Mabaki ya sianidi mwilini hushindana na madini hayo, na tezi la shingo linaweza kuvimba.

Kijana wa Tandahimba

Nesi, salfa unayosema ni hii tunayopulizia mikorosho? Nyumbani imebaki nusu mfuko.

Nesi wa Kusini

HAPANA. Naomba kila anayesoma alielewe hili. Unga wa salfa wa mikorosho ni wa kuzuia ubwiri unga kwenye maua, si wa kuliwa na mtu wala mbuzi. Mwili unatumia salfa iliyomo ndani ya protini, yaani dagaa, samaki, yai, kunde, choroko, mbaazi. Mama Somoe ana mbaazi shambani, aanze nazo leo, na akipata dagaa kidogo awachanganyie.

Mfugaji Nachingwea

Pole kwa mbuzi, dada. Mimi niliwahi kupoteza wawili kwa machipukizi ya mtama baada ya kiangazi, mtama nao una sumu ya ukoo huohuo.

Mbuzi na ng'ombe wanaumia haraka kwa sababu ya tumbo lao la kwanza. Limejaa maji na vijidudu vya kuvunja majani, basi majani yakiingia ni kama yametiwa kwenye kinu chenye kila kitu. Akiwa na njaa na akabugia mengi kwa mkupuo, mwili hauwahi kuisafisha. Ukimuona anahema sana, ufizi umekuwa mwekundu wa kung'aa, anayumba, muite daktari wa mifugo papo hapo. Ipo sindano, sodiamu thaiosalfeti, ambayo kwa kweli ni kumpelekea mnyama ile salfa anayoihitaji. Ila inataka iwahi.

Majani ya muhogo usiyakatae kabisa, ni chakula kizuri. Yakatekate, yaanike siku mbili tatu yanyauke, halafu wape kidogo kidogo wakiwa wameshakula nyasi. Machipukizi ya baada ya ukame weka uzio.

Babu wa Kitaya

Wajukuu, sisi tuliokaa bondeni karibu na Ruvuma tuliloweka mihogo mtoni siku tatu, nne, mpaka ilainike na kutoa harufu, ndipo tunaimenya na kuianika. Hata ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, wakati wa njaa tulilikata na kuliacha kwenye maji yanayotembea siku kadhaa, tukala tukaishi. Lakini nawaelewa watu wa juu huko Newala. Kwenye uwanda wenu wa Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo. Nani ataloweka magunia ya mihogo wakati maji ya kunywa yanagombaniwa? Kosa si la huyu mama.

Mama Somoe (Newala)

Shikamoo babu. Umesema kweli, ndoo moja hapa naifikiria mara mbili. Nimelia kidogo nilivyosoma ya Nesi, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunakula, ugali na mlenda, karibu mwezi mzima. Sasa nauliza tena kuhusu debe la unga. Kulitupa ni kuwaambia watoto walale njaa wiki mbili.

Bwana Shamba Mstaafu

Basi nikueleze njia inayotumia maji kidogo. Aliibuni mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, na vijiji vya Popokabaka kule Kongo vilivyokuwa na konzo vilifundishwa kuitumia.

Chukua unga wa kupika siku hiyo tu. Weka kwenye beseni, usawazishe, weka alama ya kimo chake kwa ndani. Tia maji kidogo kidogo huku unachanganya. Kwanza unga utashuka chini ya alama, usishangae, endelea mpaka uji ule mzito urudi kwenye alama. Hapo kimeng'enya kilichobaki kimepata maji, kinaamka kumaliza kazi yake. Utandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, maana ukiwa mnene hewa ya sumu haipati pa kutokea. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, usiuweke ulale.

Sumu inapungua sana, lakini haiishi yote. Unga wako ulikuwa mkali mno, ulimlaza mtoto. Kwa hilo debe ushauri wangu ni kama wa Kijana: usilile. Njia hii itumie kwa makopa mapya utakayoanika polepole, na hata hayo changanya na unga wa mahindi au mtama ukipata.

Mbegu usiing'oe yote. Ungeondoa ulinzi wako dhidi ya nguruwe ukabaki na mikono mitupu. Panda mitamu karibu na nyumba ambako macho yapo, ya kuchemsha watoto wale, na michungu ibaki mbali kwa ajili ya makopa. Pita kituo cha utafiti cha Naliendele uulize mbegu, Kiroba ni tamu na inavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo huletwa na nzi weupe, na hao uchungu wa muhogo hauwazuii. Mwaka wa ukame hata hiyo Kiroba menya vizuri, ganda ndilo lenye sumu nyingi.

Mpare wa Masasi

Nakubali nilikosea. Nimempigia mama yangu nimweleze habari ya kuchemsha vipande vikubwa, kumbe naye ndivyo anavyofanya.

Mama Somoe (Newala)

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Debe nimelifukia. Shemeji alinikopesha mahindi debe moja, na mbaazi tunakula kila jioni. Makopa mapya yapo kwenye uchanja, makubwa, nayageuza asubuhi. Jana nilijaribu kidogo yale ya beseni na unga wa makopa ya zamani ya dada yangu, nikautandaza kwenye ungo. Ulipokaa juani ulitoa harufu kali, nikawaambia watoto wakae mbali. Ugali ulikuwa mweupe, hauna ule uchungu wa mwisho ulimini. Jirani yule aliyesema shamba limewekewa kitu alikuja kuuliza ninafanya nini, nikamuonyesha alama ndani ya beseni.

Nesi, mwanangu anatembea vizuri, anakimbia. Kuna dalili nyingine ya kuangalia?

Nesi wa Kusini

Namshukuru Mungu. Mwambie atembee peku mbele yako, halafu achuchumae na kusimama bila kushika kitu, na umwangalie kama kisigino kinagusa chini. Fanya hivyo kila wiki kwa miezi miwili. Ukiona anajikwaa au miguu imekaza, njoo naye siku hiyohiyo, na muhogo usimame kabisa nyumbani mpaka aonwe.