Siku uliyokuta uvimbe kwenye titi: tupeane uzoefu

Mama Pacha: Jana naoga, kidole kikagota kwenye kitu kama gololi, titi la kushoto, kuelekea kwapani. Nikikigusa kinateleza. Sijalala. Mliopitia haya, siku ya kwanza mlifanyaje?

Bint Kitabu: Pole shoga. Mimi nilikuwa na miaka 22, changu kiliteleza hivyohivyo. Ultrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano, majibu safi. Mpaka leo kipo, hakinisumbui. Vivimbe vingi si kansa, ila usijipe majibu mwenyewe, nenda.

Mpita Njia: Sindano msikubali! Shangazi alichomwa, miezi minne tukamzika. Sindano ndiyo inayoamsha.

Ua Jekundu: Pole kwa msiba, lakini hapo unapotosha watu. Sindano ya kipimo haisambazi kansa. Shangazi alikwenda uvimbe ukiwa na ukubwa gani?

Mpita Njia: Ulikuwepo? Usinifundishe habari za shangazi yangu.

Mama Kitinda: Acheni kugombana, niwaeleze yangu. Nilikuwa nanyonyesha, mtoto ana miezi saba. Titi la kulia likajaa, likawa jekundu, la moto. Nikaambiwa maziwa yameganda. Nikakandwa, nikapewa vidonge, nikamaliza, nikapewa vingine. Mtoto akaanza kulikataa titi lile tu, akisogezwa analia, anageukia la pili. Nami nakazana kumlazimisha!

Asubuhi moja navaa mbele ya kioo, nikaona ngozi ina vitundu vitundu kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani. Uvimbe hakuna kabisa, na mimi siku zote nilikuwa nangoja uvimbe. Daktari wa pili alipotazama tu, akaandika kipimo cha kinyama siku ileile. Kansa. Ikaanza dripu ya dawa za kansa, kisha wakaliondoa titi, kisha mionzi.

Mtoto nilimwachisha kwa siku moja, maana dawa zile hunyonyeshi. Usiku analia, mimi nimejifunga kitambaa kifuani, maziwa yanavuja mpaka kwenye shuka. Kisu hakikuniuma kama usiku ule. Sasa ni mwaka wa sita.

Bint Kitabu: Jamani.

Ua Jekundu: Nimelia hapa kazini. Wanaonyonyesha mlisome hili mara mbili: ukimaliza dawa na wekundu haujaondoka, rudi.

Kaka Mkubwa: Niongeze na sisi wanaume. Baba chuchu ilitoa damu, tukadhani kajikwaruza. Tulipokwenda hospitali, kansa ilishafika kwapani.

Mrembo wa Pwani: Mimi najipapasa kila siku, sitaki mchezo.

Nesi Mstaafu: Kila siku utajitisha bure mwanangu, titi hubadilika na hedhi. Papasa siku chache baada ya damu kukata, na kwapa usiliache. Na wewe Mama Pacha, kama bado kijana wataanza na ultrasaundi, titi la kijana limeshikana, mamogramu, ile eksirei ya titi, haioni vizuri.

Mrembo wa Pwani: Kwetu lakini hakuna aliyewahi kuugua.

Nesi Mstaafu: Wengi wanaougua kwao pia hakuna.

Mpita Njia: Ua Jekundu, titi la shangazi lilikuwa limeshapasuka. Alilificha karibu mwaka.

Ua Jekundu: Pole sana. Nisamehe nilivyokuuliza.

Mama Pacha: Nimepata nafasi Alhamisi, dada yangu atanisindikiza. Mama Kitinda, mtoto alilalaje usiku ule?

Mama Kitinda: Alichoka kulia, akalala mgongoni kwangu. Nilikaa wima mpaka kukapambazuka.