Nyali, Mji wa Kale, Tudor au Bamburi: wapi panakalika?

Mgeni_wa_Nakuru
Hamjambo wakubwa. Nimepata kazi Mombasa, ofisi iko karibu na Treasury Square, na mwezi ujao natakiwa niwe nimeripoti. Niko peke yangu, sina gari, na kodi isizidi elfu 35. Huku kila mtu ananiambia nenda Nyali, ndiko wanakokaa watu. Ejenti mmoja amenitumia picha za nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, na bwawa la kuogelea chini, eti ufuoni ni dakika tano. Shangazi yangu naye anasisitiza Mji wa Kale. Mnaokaa huko niambieni ukweli, hasa maji na usafiri. Picha ninazo za kutosha.

KaskaziNaKusi
Nyali gani? Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza huyo ejenti. Eneo bunge la Nyali lina Mkomani, Kongowea, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Nyumba iliyo nyuma ya soko la Kongowea iko Nyali, na ile ya Links Road yenye walinzi wawili langoni iko Nyali vilevile. Kwa hiyo hajakudanganya, amenyamaza tu. Mwambie akutumie lokesheni upime mwenyewe. Dakika tano za ejenti ni za pikipiki, tena usiku barabara ikiwa tupu.

Mimi niko upande wa Mkomani na sina mpango wa kuhama. Kuna miti, kuna maduka makubwa, mikahawa ya kila aina, na maji yakipwa asubuhi unatembea mchangani mpaka uchoke. Ila maisha ya huku yamepangiwa mtu mwenye gari. Toka langoni hadi kwenye matatu ni bodaboda. Kwenda kununua maziwa ni bodaboda. Mvua ikinyesha, bodaboda wenyewe hawaonekani. Ukijumlisha mwisho wa mwezi utakuta una kodi ndogo ya pili.

Maji je? Nyumba nyingi zinategemea kisima. Yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu vizuri, birika linafanya ukoko mweupe ndani, na vitundu vya bomba la kuogea vinaziba mpaka uvizibue kwa sindano. Ya kunywa na ya chai unanunua. Utazoea, lakini ejenti hatakutajia.

BintiKuze
Kaskazi kasema kweli. Lakini mtu wa kazi Treasury Square akakae Nyali, ana adhabu gani? Jioni magari yatokayo kisiwani yajipanga kuvuka daraja la Nyali, kutoka Buxton hadi Kengeleni, na asubuhi hivyo hivyo kuja mjini. Mimi kutoka Kuze, hapa Mji wa Kale, hadi huko kwa ofisi yako ni miguu yangu tu. Wewe ushafika, ushakunywa chai, mwenzako bado yuko darajani asoma ujumbe wa jana.

Na nyumba zetu za zamani usizidharau kwa sababu rangi imebambuka nje. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni za boriti. Mwezi wa Februari joto likichachamaa wenye nyumba za vioo washalipia umeme mpaka basi, mimi nina feni moja na haizunguki kutwa. Asubuhi mahamri na mbaazi wapata nje ya mlango, jioni viazi karai, mishkaki, ukitaka mkate wa mofa pia upo.

Sasa na mabaya nikwambie, maana shangazi yako hatakwambia. Gari haliingii vichochoro vingi, vitu vyako vitaletwa na mkokoteni na kitanda kipana huenda kikakwama kwenye ngazi. Utaulizwa wewe mtoto wa nani, watoka wapi, wafanya kazi gani, na si mara moja. Bachela asiye na mtu wa kumdhamini huzungushwa, maana wenye nyumba wapenda familia. Muziki wa juu na wageni wa saa nane usiku, sahau. Ramadhani mtaa haulali hadi daku. Mimi ndiyo raha yangu, lakini kama usingizi wako ni mwepesi utanilaani.

Mgeni_wa_Nakuru
Asante dada. Na maji huko Mji wa Kale?

BintiKuze
Ya mfereji hutoka siku yakitaka, hujaza pipa. Yakikawia kuna mikokoteni ya mitungi, na bei hupanda kadiri shida inavyozidi. Hilo ni la mji mzima, si letu peke yetu.

MzeeWaTudor
Hapo binti amenena. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, huko Tsavo, na Baricho kwenye mto Sabaki. Likipasuka bomba huko porini, wewe wa ghorofa ya nne na mwenye kibanda mnabaki na ndoo sawasawa. Tofauti ni nani ana tangi kubwa. Ndiyo maana mimi nikienda kuangalia nyumba nahesabu matangi kwanza, vyumba baadaye.

Kijana, kwa bajeti yako na kwa mahali pa kazi, tazama Tudor. Uko kisiwani, daraja halikuhusu. Tuktuk au matatu hadi mjini ni mwendo mfupi, na siku ya hasira unaweza kutembea. Nyumba ni za kawaida. Bahari yetu ni ya mkono wa maji, ya kutazama na kuvulia samaki, si ya kuogelea. Huna picha ya kutuma Nakuru.

Na habari za daraja ni za zamani. La kwanza lilifunguliwa 1931, lilikuwa la kuelea, na hili la sasa ni la 1980. Kila kizazi kimelilalamikia. Hapo Kengeleni mnapokwama, hiyo kengele ni ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Mkikwama tena angalau itazameni.

MamaWawili
Bamburi ni nafuu kuliko Nyali ya kweli, watoto wangu wana Haller Park (ile kwanza ilikuwa machimbo ya simiti, huwezi kuamini), na ufuo wa Pirates upo karibu ingawa Jumapili hakuna pa kuweka mguu. Lakini kaka, kwa kazi ya mjini usije. Utapita foleni ya huku kisha ya darajani. Mimi nafanya kazi huku huku ndiyo maana nina amani. Ukichagua, uliza pia klabu ya usiku iliyo karibu ni ipi.

TuktukLikoni
Na sisi wa Likoni hatutajwi? Kodi chini, na kwenye feri mwenye miguu halipi.

BintiKuze
Halipi pesa. Jasho je?

TuktukLikoni
😂 Nimekubali.

KaskaziNaKusi
Wacha nitetee mtaa wangu kidogo, maana imekuwa kama Nyali ni kosa. Mtu anayefanyia kazi nyumbani, au mwenye kazi upande wa kaskazini, sioni pa kumshinda. Jumamosi ukitoka tu una kila kitu, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kuna wanaoutaka huo upweke.

Popote utakapoangalia, nenda jioni baada ya kazi, usiende saa nne asubuhi. Fungua mfereji, onja maji. Muulize mlinzi, si ejenti, maji ya mfereji yalitoka lini mara ya mwisho. Tazama bawaba za madirisha: zikiwa zimeliwa na kutu, friji na runinga zako zinafuata. Na dirisha la chumba cha kulala liwe linapokea upepo wa kusi. Nyumba iliyozibwa upande huo na ghorofa jipya inakuwa tanuri.

Mgeni_wa_Nakuru
Nimemwomba ejenti lokesheni. Nyumba iko Kadzandani. Nimepima, na hizo dakika tano sijui alikuwa anapanda nini. Sasa anasema kuna mtu mwingine anaitaka, nitume amana leo aishikilie.

MzeeWaTudor
Usitume hata shilingi. Huyo mtu mwingine huwepo kila mara.

Mgeni_wa_Nakuru
Sitatuma. Nitakuja wiki moja kabla ya kuripoti, nilale kwa rafiki Ganjoni, nizunguke Tudor jioni. Mji wa Kale pia nitapita, ila huyo wa kunidhamini sina.

BintiKuze
Shangazi yako anayesisitiza hana jamaa huku? Muulize kwanza. Na ukija Kuze, kitanda kiwe cha kufunguka.