Naomba ushauri: nataka kuanza mashindano ya boti ndogo za mashine ya nyuma, nianzie wapi?

Mgeni Majini

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni dada wa miaka 29. Boti za kawaida nimeendesha sana, kwa hiyo usukani na mashine si vitu vigeni kwangu. Ninachotaka sasa ni kushindana, kwenye vile viboti vyepesi vya mtu mmoja ambavyo dereva anapiga magoti na mashine iko nyuma yake. Nimevitazama kwa muda mrefu na hamu inazidi tu.

Nimepata mtu anauza haidroplani, boti ya mbio inayokimbia juu ya vielea, pamoja na mashine ya sentimita za ujazo 400. Anasisitiza ni ya kasi na nikichelewa itaondoka. Je, inamfaa mtu anayeanza? Kama haifai, nianze na haidroplani ndogo zaidi au ranabauti, ile yenye tumbo moja bapa? Na vifaa vya usalama nisivyoweza kuvikwepa ni vipi? Sina fundi wangu, nategemea kujifunza mwenyewe.

Natanguliza shukrani.

OmoNaTezi

Karibu sana dada. Ushauri wangu wa kwanza ni usinunue chochote kwa sasa.

Tafuta klabu iliyo karibu nawe, nenda siku ya mbio, ujitolee. Kushusha boti majini, kushika tezi (nyuma ya boti) wakati mashine inawashwa, kubeba mafuta, kuandika muda. Hakuna timu inayokataa mikono miwili ya ziada. Ukishinda hapo kutwa nzima utaona jambo ambalo muuzaji hawezi kukwambia: ni daraja gani, yaani kundi la boti na mashine zinazoshindana pamoja, linajaza mstari wa kuanzia, na lipi lina boti mbili zinazofukuzana zenyewe. Daraja lenye watu ndilo lako. Humo utapata spea, propela za kuazima, na mtu wa kukueleza kwa nini umeachwa kwenye kona.

Hiyo ya 400 anayokuuzia huenda ni ya daraja la OSY 400, ambalo kwa kawaida linatumia mashine za Yamato. Ni daraja zuri na lina historia, lakini uliza kwanza kama linakimbizwa unakoishi. Boti isiyo na wa kushindana nayo, hata iwe nzima kiasi gani, utaishia kuifunika turubai.

Kanuni zipo wazi, zisome kabla ya kutoa hela. UIM, shirikisho la dunia lililoundwa 1922, lina zake. APBA, chama cha mbio za boti cha Marekani cha tangu 1903, kina zake na madaraja yake. Klabu nyingi hufuata mojawapo au huchukua humo.

FundiKabureta

Naunga mkono hapo juu. Mimi nitasema ya mashine.

Kwa anayeanza, nunua boti na mashine ambavyo vimekimbia pamoja kama seti. Urefu wa ubao wa nyuma, kimo cha mashine, pembe yake na propela vimeshapatanishwa na mtu aliyekutangulia. Ukinunua boti huku na mashine kule, msimu wote wa kwanza utakuwa unatafuta mipangilio badala ya kujifunza kuendesha.

Unapokagua, pima kompresheni ya kila silinda. Namba yenyewe si hoja sana kuliko silinda kukaribiana. Fungua skrubu ya chini ya mguu wa mashine uchungulie oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yanaingia. Zungusha propela kwa mkono polepole huku umeweka kidole karibu na ncha ya shafti; ikichezacheza, shafti imepinda. Na uliza spea zinatoka wapi, maana mashine nyingi za mbio ni za zamani na viwanda viliacha kuzitengeneza.

Mchanganyiko wa oili kwenye tu-stroki fuata wa mashine yako, usifuate wa jirani. Zipo zinazotaka petroli 50 kwa oili 1, na zipo za mbio zinazotaka oili nyingi kuliko hapo.

Propela usiogope hesabu yake. Chukua propela yenye hatua ya inchi 14, maana yake kila mzunguko mmoja ingesogea inchi 14 kama maji yangekuwa kitu kigumu. Mashine ikizunguka mara 6000 kwa dakika na gia ni 2 kwa 1, propela inazunguka 3000. Hiyo ni karibu mita 1067 kwa dakika, sawa na kilomita 64 kwa saa. Ukipima kwa GPS ukapata 58, umepoteza kama asilimia 10 kwa kuteleza, ambayo ni hali ya kawaida. Ukipata 45, kuna tatizo: mashine iko juu mno na propela inavuta hewa, au pembe si sahihi, au propela yenyewe haifai. Andika kila jaribio kwenye daftari: kimo, pembe, propela, mizunguko, kasi, hali ya maji. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali.

Mama Usukani

Dada mwenzangu, nimefurahi kukuona humu.

Haidroplani inakimbia juu ya vielea viwili vya mbele na propela, katikati kuna hewa. Ndiyo maana ina kasi, na ndiyo maana upepo ukiingia chini ya omo (mbele ya boti) inaweza kunyanyuka na kupinduka kinyumenyume. Ranabauti ina tumbo moja bapa, inarukaruka, na wewe ndiye unayeituliza kwa mwili: mbele, nyuma, ndani ya kona. Kwa maoni yangu anza na haidroplani ya daraja la chini. Kwenye mstari ulionyooka imetulia, na kwenye kona lile pezi la pembeni linakushikilia. Utapata nafasi ya kutazama mbele badala ya kupigana na boti.

Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye kishikio cha mafuta. Kishikio hicho unakibana, na ukikiachia kinarudi chenyewe na mashine inashuka. Usikubali boti ambayo springi yake imelegea.

Usalama sasa. Helmeti ya rangi kali, ya machungwa au njano, kwa sababu ukiangukia majini ndiyo pekee inayoonekana. Jaketi la mbio lenye kola ya kushika shingo. Lile la kutembelea halitoshi. Nguo zenye Kevlar, kitambaa kigumu kukatika, mikononi na miguuni, kwa ajili ya propela za wenzako. Pedi nene za magoti. Na kamba ya kuzimia mashine, iliyofungwa mwilini mwako. Kila siku kabla ya kutoka, boti ikiwa majini, washa, vuta kamba, mashine ife. Isipokufa, leo huendi.

Ukianguka, helmeti ibaki kichwani. Usianze kuogelea kukatiza njia. Inua mkono juu ili madereva na boti ya uokoaji wajue uko sawa, kisha ngoja.

Boya la Pili

Mama Usukani nakuheshimu, ila kwenye ranabauti napingana nawe. Ni ngumu, ndiyo, lakini mtu akijifunzia humo anajua uzito wake unafanya nini kila sekunde. Akihamia haidroplani anaenda na elimu hiyo. Nimeona wanaofanya kinyume chake wakisumbuka sana.

Mama Usukani

Nakuelewa, na kwa kijana mwenye mwili wa mazoezi ningekubali. Kwa mtu ambaye bado hajazoea kuingia kona yenye boti 8, bado nasema apunguziwe kazi.

Mgeni Majini

Asanteni sana, nimesoma kila mstari. Kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko yote: mwanzo wa mbio. Naona boti zinazunguka tu, halafu ghafla zote zinakuja kwa kasi. Mnajuaje muda wa kubana mafuta?

OmoNaTezi

Swali zuri sana, na hapo ndipo mbio nyingi zinaamuliwa.

Sehemu nyingi hamwanzi mkiwa mmesimama. Kuna saa kubwa inayohesabu kushuka, na lazima uvuke mstari ikiwa imefika sifuri, si kabla. Kwa kilomita 80 kwa saa boti inakwenda mita 22 kila sekunde. Ukiwahi kwa nusu sekunde umevuka mita 11 mapema, na mbio yako imeishia hapo. Ukichelewa kwa nusu sekunde, mita hizo 11 ni za wenzako, nawe unaingia kona ya kwanza ndani ya mikia yao ya maji huoni kitu.

Fanya hivi kwenye mazoezi. Chagua alama nchi kavu, mti au nguzo, kabla ya mstari. Pita hapo ukiwa umebana mafuta yote, pima sekunde hadi mstarini. Rudia mpaka namba itulie. Siku ya mbio ukifika kwenye alama unatazama saa na unajua kama uachie kidogo au ubane. Alama hiyo inabadilika upepo ukibadilika, kwa hiyo pima upya asubuhi.

Tazama pia video za kyotei za Japani, mashindano yaliyoanza 1952 kule Omura. Boti 6, mizunguko 3, mita 1800, na mashine wanapangiwa kwa kura. Dereva lazima avuke ndani ya sekunde 1 baada ya sifuri. Acha kuangalia nani kashinda. Angalia mikono yao sekunde 10 za mwisho.

Na kona ya kwanza shika njia yako. Usimkatie mtu mbele kama hujampita kabisa. Ukikosa nafasi, achia mafuta, zipo kona nyingine.

Mgeni Majini

Nimeamua kwenda kujitolea kwanza. Ila yule muuzaji nitamtembelea hata hivyo, nikaione. Kuna kingine cha kuangalia?

FundiKabureta

Nenda na rula ndefu iliyonyooka. Igeuzeni boti juu chini, weka rula kwenye tumbo sehemu ya mwisho kuelekea tezi, kwa urefu. Mwanga ukipita katikati ya rula, tumbo limeingia ndani na litasukuma omo chini. Rula ikibembea, tumbo limetoka nje, na boti itadundadunda ukikolea. Gonga mbao kwa fundo la kidole sehemu ya ubao wa nyuma na kwenye vielea. Sauti ikibadilika kuwa nzito na butu, maji yameingia kwenye mbao. Halafu mwambie aipandishe kwenye mizani, nawe upande na helmeti na jaketi. Wanapima boti na dereva pamoja mbio ikiisha, na uzito ukiwa chini ya kiwango unanyimwa matokeo. Kukosa kilo si tatizo, unaongeza vipande vya risasi, ile metali nzito. Kuzidi sana ndiko kutakakokugharimu.