Shawa ya umeme haiwaki, maji ya simtanki yanachuruzika tu

koki_ya_uani
Wakuu, simtanki la lita 1,000 liko juu ya mnara, kitako chake mita 2.5 kutoka sakafu ya bafu. Bomba ni PPR (plastiki ya kuunganishwa kwa moto) ya milimita 20, mita 12 hivi, elbo 9, getivalvu (koki za kuzungusha) 2. Shawa ni ya wati 5,500, imefungwa mita 2.1. Tenki likijaa inawaka kwa kusuasua, likifika nusu haiwaki kabisa. Sinki linatoa vizuri tu. Ninunue pampu?

mtaalamu_ppr
Mkuu, tulia kwanza na pampu. Kila mita 1 ya kimo inakupa presha ya baa 0.1. Kwako 2.5 toa 2.1 ni sentimita 40, tenki likijaa unaongeza kama mita moja. Ndani ya shawa kuna kiwambo cha mpira ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo umeme ushike, na nyingi zinataka walau mita 1 maji yakiwa yanatembea. Sinki liko chini, ndiyo maana linakudanganya.

Fungua maungio ya shawa. Baadhi huja na kisahani chenye tundu dogo, ni cha presha kubwa, na mafundi wengine hukiweka hata kwenye maji ya tenki. Kitoe. Safisha pia wavu wa kuzuia mchanga.

Kisha badilisha bomba. PPR nene ya 20 ina tundu la milimita 13.2 tu, ya 25 ina 16.6, nafasi inaongezeka zaidi ya nusu. Elbo zipunguze, badala ya getivalvu weka bolivalvu (koki ya mpini).

bolivalvu
Naongezea: kata elbo moja uchungulie. Ukiona pete ya plastiki imevimba ndani, fundi alizidisha moto au alisukuma kupita kiasi. Mashine ya kuunganishia bomba iwe nyuzi 260. Bomba la 20 lipashe sekunde 5, la 25 sekunde 7, weka alama ya kina cha kuingiza milimita 16 kwenye la 25, ingiza moja kwa moja bila kuzungusha.

Kunyanyua mnara mita 1.5 ndiyo dawa ya kudumu, ila tenki likijaa ni tani nzima. Kama msingi ni wa kubahatisha, bora pampu ndogo yenye swichi ya mtiririko.

waya_na_maji
Ukifunga pampu usifurahie maji mengi. Wati 5,500 kwa lita 3 kwa dakika hupandisha joto kama nyuzi 26. Kwa lita 6 ni 13 tu. Dar utaoga vizuri, Njombe utatetemeka. Bania koki.

Wati hizo ni ampia 24 hivi. Waya wa milimita mraba 6, breka yake ya ampia 32, ethi (waya wa ardhini) ya kweli; usiunge kwenye laini ya soketi. Siku ya kwanza jaza maji breka ikiwa imezimwa, la sivyo koili inaungua.

koki_ya_uani
Kisahani kilikuwepo! Nimekitoa, sasa inawaka hadi robo ya tenki. Nibadilishe bomba lote au kutoka tenkini hadi ukutani tu?

mtaalamu_ppr
Lote hadi kwenye elbo ya shawa. Ukiacha mita 2 za 20 zenye elbo 4, hapo ndipo maji yatabanwa.