Tupeane uzoefu: kujifunza ala ya muziki bila mwalimu, Lamu na jirani zake

Mwanzisha mada, Mkomani

Assalaam aleykum, ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu wa kujifunza kupiga ala ya muziki tangu mwanzo, bila mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso. Nauliza kwa sababu vijana wengi hapa mjini hununua gitaa au kinanda, wakahangaika nacho kwa muda mfupi, kisha chombo kikatundikwa ukutani na mwenyewe akasema kwamba hana kipaji. Mimi sikubaliani na neno hilo. Naona wengi hukwama kwa kuwa huanza kuvifundisha vidole kabla ya kulifundisha sikio. Tafadhali tusiandikiane mawaidha ya jumla. Taja ala yako, eleza kilichokukwamisha na namna ulivyokivuka.

Naanza na langu. Ala yangu ni udi wa nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake. Shingo ya udi ni fupi na haina vijiti vya chuma kama shingo ya gitaa, kwa hiyo hakuna alama inayokuambia kidole kikae wapi. Kikisogea upana wa punje ya mchele tu, sauti imeharibika. Ndiyo maana mwanzoni sikushughulika na wimbo wowote, bali nilijifunza kulinganisha nyuzi. Zipo namna kadhaa za kuzilinganisha, na niliyoishika ni ile inayotumika sana kwa Waarabu: do, fa, la, re, sol, do (haya ni majina ya sauti za muziki: do, re, mi, fa, sol, la, si), kuanzia uzi mnene. Kila uzi niliupandisha kutoka chini hadi mahali pake. Ukipita kiasi, ni bora kuulegeza chini kabisa ya sauti unayoitaka na kuupandisha upya, kwa sababu uzi ulioteremshwa tu huendelea kuteremka wenyewe unapopigwa.

Simu ina programu ya kupima sauti, nami naitumia, ila naitumia mwisho. Kwanza nauvuta uzi kwa kusikiliza, nauimba kwa mdomo, ndipo natazama simu inasemaje. Katika zile jozi kuna jambo la kufurahisha zaidi: nyuzi mbili zikikaribia kulingana, sauti yake hutetemeka kwa mawimbi, kadiri zinavyozidi kukaribiana mawimbi hupungua kasi, na zikilingana sawasawa hutoweka kabisa. Aliyeusikia mtetemo huo mara moja haihitaji tena simu kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo walimu wangu wakawa kanda za zamani. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mashuhuri mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, hupiga vipande vya kufungulia wimbo ambavyo mtu anaweza kuvikata kimoja kimoja. Zipo programu za simu zinazopunguza kasi ya wimbo bila kuifanya sauti yake iwe nzito. Nachukua kipande kifupi, nakisikiliza polepole, nakiimba mpaka mdomo umekishika, kisha ndipo nakitafuta kwenye nyuzi. Kipande nisichoweza kukiimba sikigusi. Risha, yaani kile kijiti cha kupigia nyuzi, naitembeza kwa kifundo cha mkono, si kwa mkono mzima, maana mkono mzima huchoka haraka na hautoi kasi.

Kutoka Shela

Mwanzisha mada, nakuunga mkono kuhusu sikio, lakini kwa sisi wa gitaa uko mtihani mwingine kabla ya huo, nao ni chombo chenyewe. Gitaa langu lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Zilipokatika, nilichopata dukani ni nyuzi za chuma, na muuzaji akanihakikishia kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na kipande cha mbao zinamofungiwa kilianza kubanduka taratibu, hasa kwa joto la huku ambalo hulainisha gundi. Anayeanza ahakikishe anajua gitaa lake ni la aina gani kabla ya kulitia uzi wowote, na asiliache juani wala kando ya dirisha linalopigwa na upepo wa bahari. Chumvi hutia nyuzi kutu, kwa hiyo mimi huzifuta kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo.

Kuhusu kulinganisha, gitaa lina njia ya kujifundisha bila simu. Nyuzi sita ni mi, la, re, sol, si, mi. Ukibana uzi mnene kwenye kijiti cha tano unapata sauti ya uzi unaofuata, na hivyo hivyo kwenda juu, isipokuwa kati ya sol na si, ambapo unabana kijiti cha nne. Vidole viliniuma mwanzoni kama vinavyomuuma kila mtu, na maumivu hayo huisha ngozi ikikomaa. Dawa yake ni vipindi vifupi vya kila siku.

Kutoka Langoni, mama wa nyumbani

Ahsanteni. Mimi nimejifunza kinanda cha umeme, usiku, baada ya watoto kulala, nikiwa nimevaa visikilizio vya masikioni ili jirani asijue kama napiga au nimelala. Nyumba zetu zimebanana, na sauti ya usiku hupita ukutani kana kwamba ukuta haupo, kwa hiyo kwa mwanamke mwenye familia hii ni faida ambayo udi hauna.

Nilichokitaka ni nyimbo za taarabu ninazozisikia arusini tangu nikiwa mtoto. Mafunzo niliyoyapata kwenye mtandao yalianza na vitufe vyeupe tu, na kila nilipojaribu kuzipiga nyimbo zetu kwa vitufe hivyo zilitoka kama nyimbo za chekechea. Nilidhani masikio yangu ndiyo mabaya, mpaka nilipofahamu kuwa nyimbo hizo nyingi hufuata maqam za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ambayo wimbo hujengwa juu yake, na kwamba maqam ya Hijaz inakaa vizuri kwenye kinanda cha kawaida. Anza na re, kisha kitufe cheusi kilicho kuliani kwake, kisha ruka hadi kitufe cheusi kilicho kati ya fa na sol, kisha sol, la, cheusi kilicho kati ya la na si, do, na re ya juu. Piga hivyo polepole, kupanda na kushuka, na utaisikia Lamu mara moja. Kwangu mimi usiku huo ndio niliopata hamu ya kuendelea, kwa sababu kwa mara ya kwanza chombo kilisema maneno ninayoyajua.

Tabu iliyofuata ilikuwa kuunganisha mikono miwili. Nilijifunza mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, na nilipoiunganisha niliweka kipimo cha mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, na sikuongeza kasi mpaka kipande kizima kipite bila kusita. Swali langu kwa mwenye udi: kwa nini nyimbo nyingine, hata nikizitafuta kwenye vitufe vyote vyeupe na vyeusi, kuna sauti moja haipatikani?

Mwanzisha mada, Mkomani

Bi, sikio lako ni zuri kuliko unavyodhani. Katika maqam kama Rast, sauti ya tatu na ya saba hukaa katikati ya vitufe viwili: ikianzia do, sauti ya tatu iko chini kidogo ya mi, lakini juu ya kitufe cheusi kilicho kushotoni kwake. Kwenye udi kidole husogea tu kikaipata. Vipo vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, ambavyo huteremsha sauti unazozichagua kwa robo toni, yaani nusu ya umbali kati ya kitufe na kile kinachokifuata. Tazama katika mipangilio ya kinanda chako, huenda uwezo huo upo. Kama haupo, lile gurudumu dogo la kupinda sauti litakusaidia kwa wimbo wa sauti moja moja, ila ukibonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja litavipinda vyote.

Kutoka Matondoni

Mimi ni mtu wa tari, na tari haina do wala re, lakini hilo la sikio lipo pia. Nilijifunza kwa kukaa nyuma ya wapigaji wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita pale msikiti wa Riyadha, nikitazama mikono yao na kupiga mapigo kwenye paja langu. Nyumbani niliyatamka kwa mdomo, dum la katikati ya ngozi na tak la ukingoni, mpaka niliweza kuyatamka huku nikitembea bila kuyapoteza. Anayeanza ajue kwamba ngozi hulegea kwa unyevu, hasa msimu wa mvua, na hapo tari hutoa sauti ya kufifia hata mkono ukiwa sahihi. Ipashe joto kwenye moto mdogo kwa mbali, ukiigeuza, kabla ya kujilaumu.

Kijana, Mokowe

Nawashukuru wakubwa zangu. Ami yangu ameniachia udi wa zamani, lakini vile vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi vinateleza na kurudi nyuma kila ninapolinganisha. Je, nivitie gundi?

Mwanzisha mada, Mkomani

La, usitie gundi, kijana wangu, kwa maana hutaweza kuvizungusha tena. Kitoe kigingi kimoja kwa wakati mmoja, kipake chaki mahali kinapogusana na tundu, kirudishe huku ukikisukuma ndani unapokizungusha. Kama tatizo ni kinyume chake na kigingi kimekaza hakizunguki, tumia sabuni kavu kidogo. Nyuzi zikishika, anza na jozi moja tu, usikilize yale mawimbi niliyoyaeleza, kisha urudi hapa utuambie umesikia nini.